Mbwa Aliyeitwa Shika

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti, jua likiwa utosini. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka tena, na mwenyekiti alikuwa amekwenda mjini Bariadi kwenye semina ya maji. Baadaye Ngassa alipokuwa akisimulia, na alimsimulia kila aliyekubali kusimama, hakuiacha hiyo semina hata mara moja. "Wao wamekaa kwenye viti vya kuzunguka wanakunywa maji ya chupa," alianza, "na ndoo ya mke wangu iko tupu." Ukimwambia aanzie kwa mbwa, alikutazama kama umetumwa na serikali.

Nyumba yao ilikuwa kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka Dutwa, nyumba ya bati yenye zizi la miiba ubavuni na pamba mpaka mlangoni. Waliishi watu watatu: Ngassa, mkewe Milembe, na binti yao Lucy, fundi cherehani, aliyerudi kwa wazazi baada ya ndoa yake ya Lamadi kumshinda. Wa nne alikuwa mbwa.

Mbwa huyo alikuwa dume jeusi, kifua kipana, sikio moja limechanika. Ngassa alimleta akiwa kitoto ndani ya kikapu, mwaka ule wezi walipomwibia ndama, akampa jina siku hiyohiyo.

"Huyu kazi yake moja tu, kushika wezi. Ataitwa Shika."

Milembe alicheka mpaka akaweka chini ungo. "Baba Lucy, majina yote duniani yamekwisha? Hilo mbona langu!"

Na kweli lilikuwa lake. Tangu waoane, neno hilo ndilo lililokuwa likiruka kati yao shambani na zizini. Kamba ya ndama: shika. Mkokoteni usirudi nyuma: shika. Mdomo wa gunia la pamba: shika, mayu, shika! Mayu, yaani mama, ndivyo alivyomwita mkewe. Milembe hakuwa na kawaida ya kuuliza ashike nini. Mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda kabla sikio halijamaliza kusikia. Ndiyo maana Milembe alimwita mbwa "we nanii", au alimpigia mluzi. Jina lile hakulitia mdomoni, alisema atajisikia anajiita mwenyewe.

Jumanne hiyo mbwa jike wa jirani yao Mwandu alikuwa anatafuta dume, na madume yalikuwa yanazurura kutoka kila upande na ndimi nje. Siku za namna hiyo Ngassa humfunga Shika kwenye nguzo ya zizi toka alfajiri, maana mbwa asiyekutana na mwenzake hapigani naye. Lakini asubuhi ile kamba ya mbwa aliichukua kufungia gunia la pamba kwenye baiskeli, na huko Dutwa akaisahau. Semina alikuja kuisimulia. Kamba hakuisimulia.

Milembe alikwangua makoko ya ugali akammwagia Shika kwenye sufuria lililotoboka. Mara akatokea mbwa wa njano ambaye hakuna aliyemjua, mate yanamning'inia, anakwenda upandeupande kama mtu aliyetoka kilabuni. Hakunusa, hakuonyesha meno, hakuzunguka kama mbwa wanavyopimana. Aliingia tu na mdomo.

Sasa, Ngassa alijua mbwa wanavyoachanishwa. Alikulia machungani, na baba yake alimfundisha kabla hajamfundisha kukamua. Mbwa wakiumana usipige fimbo. Unayempiga anadhani ni mwenzake anazidi kumuuma, na yeye anazidi kukaza meno. Usiwavute wakiwa wameng'ang'aniana, utachana nyama. Wamwagie maji usoni kwa ghafla. Kama hakuna maji, wafunike vichwa kwa gunia. Kama hakuna gunia na mko wawili, kila mtu akamate miguu ya nyuma ya mbwa wake, ainue kama mikono ya toroli, arudi nayo kinyumenyume huku anazunguka, mpaka watoe pumzi. Lakini mkono usipelekwe shingoni, hata awe mbwa uliyemlea kwa maziwa, kwa sababu mbwa anayepigana hajui mkono wa nani.

Hayo yote Milembe aliyajua. Ngassa alimwambia, akamrudia. Ndiyo sababu kitu cha kwanza alichokikimbilia ni ndoo. Aliinyanyua, ikanyanyuka nyepesi. Akaigeuza juu chini, likatoka tone.

Ngassa alikuwa ng'ambo ya zizi anaziba pengo kwa miiba. Aliposikia mngurumo aliinua kichwa, akaona vumbi, akapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Shika! Shika! Shika weee!"

Milembe akatupa ndoo. Akaingia kati, akapeleka mkono wa kulia, akaushika ule ukanda wa mpira wa tairi uliokuwa shingoni mwa mbwa wao. Mbwa wa njano akageuka.

Lucy alichomoka ndani na kitenge cha mteja alichokuwa anakishona, akawatupia vichwani. Wale mbwa wakaachana palepale, kama watu waliozimiwa taa wakigombana. Yule wa njano akajichomoa, akapita katikati ya mistari ya pamba, na hakuonekana tena. Milembe alisimama anautazama mkono wake, matundu mawili chini ya kidole gumba na mchaniko unaotoa damu taratibu.

Ngassa alifika anahema. Milembe akamwangalia usoni.

"Nimeshika," alisema, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi iliyokwisha.

*

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, kijana wa Kilimanjaro aliyeitwa Rogasian, na msururu wa akina mama wenye watoto. Rogasian hakuwa mtu mbaya. Aliagiza maji na sabuni, akauosha mkono muda mrefu kwa jagi, kwa sababu na pale bomba lilikuwa halitoi.

"Sasa hapa kinachotakiwa ni chanjo ya kichaa cha mbwa," alisema. "Na mimi hapa sina. Kwenye friji nina ya watoto tu."

"Na friji ni la nini?" Ngassa aliuliza.

"La chanjo, mzee."

"Ambayo haipo."

"Mzee, mimi siagizi. Mimi napokea." Akachukua simu, akampigia bwana mifugo wa kata, Ferdinand, akaweka sauti nje ili wote wasikie.

"Mbwa aliyehusika yupo?" Ferdinand aliuliza. Nyuma yake ilisikika pikipiki.

"Walikuwa wawili. Wa kwao yupo. Mwingine wa njano, amekimbia."

"Yule aliyepo, wamfunge, wamwangalie siku kumi. Akiwa mzima, na mama ni mzima."

"Na wa njano?" Milembe aliuliza, akiinamia simu, kisha akakumbuka kusalimia. "Bwana mifugo, mwadila. Aliyening'ata ni wa njano."

"Mama, katika purukushani ile umeonaje? Mbwa wenyewe huwa hawajui nani kauma nani!" Akacheka, na Rogasian akacheka kidogo kwa adabu. "Huyo wa njano nitamtafutia wapi, Serengeti? Anzeni na huyo mliye naye. Chanjo kaulizieni mjini."

Wakarudi. Ngassa akaifuata kamba Dutwa, akamfunga Shika kwenye nguzo. Kwa hiyo mbwa wa njano, ambaye kila mtu alimwona, hakuulizwa tena na mtu yeyote, na mbwa mweusi, ambaye hakumng'ata mtu, akawekwa chini ya ulinzi.

Mjini Bariadi, Lucy alikwenda na mama yake kesho yake. Walikaa kwenye benchi la hospitali toka asubuhi. Mlinzi aliwahamisha mara mbili, kwanza kwa sababu benchi lilikuwa la wenye bima, kisha kwa sababu walikuwa wamezuia njia. Muuguzi aliyewasikiliza aliongea huku anamtafutia mwenzake chaja.

"Umeng'atwa na nani, mama?"

"Na mbwa."

"Mbwa wako?"

"Mbwa wangu alikuwepo, ila—"

"Jamani, watu wa vijijini! Mnafuga mbwa, hamwachanji, wanawang'ata wenyewe, halafu mnatuletea sisi." Foleni ikacheka. Mzee mmoja aliyekuwa ameshikilia tumbo naye akacheka, akaumia, akaacha. "Chanjo imekwisha wiki iliyopita. Imeagizwa. Acheni namba ya simu, ikifika mtapigiwa."

"Na kama haifiki?" Lucy aliuliza.

"Dada, nimekwambia imeagizwa."

Wakaacha namba ya Lucy. Milembe akashukuru, "Wabeja sana," kwa heshima zote, kama aliyepewa kitu.

Kwa siku zile Lucy alilala na simu kifuani. Akiwa kwenye cherehani aliiweka juu ya kitambaa, ikawa inarukaruka na sindano. Alipiga mwenyewe hospitali, ikapokelewa, akaambiwa bado. Akapiga tena, haikupokelewa.

Siku ya kumi Shika alikuwa mzima kama chuma. Alikula, akabweka, akatikisa mkia alipomwona Mwandu aliyekuja kushuhudia.

"Ngosha, mbwa wako ana afya kuliko mimi," Mwandu alimwambia Ngassa. "Mfungueni huyu mfungwa."

"Bwana mifugo alisema akiwa mzima na mke wangu mzima," Ngassa alisema, akaifungua kamba.

"Mimi nilisema ni wa njano," Milembe alisema polepole.

"Mayu, usijiitie mabaya." Na Ngassa, ambaye kila siku alikuwa hawaamini wakubwa hata wakisema leo ni Jumatano, safari hii aliamini, kwa sababu safari hii walikuwa wamesema kile alichotaka kusikia.

Lucy peke yake hakufurahi. "Baba, twende Mwanza tukatafute."

"Mbwa mzima unamwona, Mwanza tukatafute nini? Jeraha lenyewe limefunga."

Lilikuwa limefunga kweli. Milembe aliinua mkono, akakunja na kukunjua vidole, akarudi kwenye michembe yake ya viazi iliyokuwa inakauka juani.

*

Oktoba, watu wakiwa wanang'oa mashina ya pamba na kuyachoma, Milembe alisema mkono unatembewa na siafu. Akaukunguta, akaucheka. Usiku wake hakulala. Asubuhi alikuwa na homa na hasira ambayo haikuwa yake. Alimfokea Lucy kwa kufungua dirisha, upepo unampiga usoni.

Mchana wa siku hiyo bomba la kijiji lilitoa maji. Yalitoka kwa kishindo, yakapiga chafya za kutu kisha yakawa meupe, na watoto walikimbia njiani wanapiga ndoo kama ngoma. Lucy alijaza kila chombo. Akamletea mama yake kikombe.

"Kunywa, mama. Yametoka."

Milembe alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kiu ilionekana machoni, midomo imepasuka. Akakisogeza. Koo likashtuka, likajifunga lenyewe, kichwa kikaruka nyuma kama aliyevutwa nywele, na maji yakamwagika kitandani. Akajaribu tena. Mara ya tatu, kikombe kilipokaribia tu, mwili mzima ulikataa.

"Yatoe," alisema kwa sauti ya mtoto. "Lucy, mwanangu, yatoe hayo maji, yananiangalia."

Ngassa alisimama mlangoni na ndoo iliyojaa. Siku ile ndoo ilikuwa na tone moja tu. Leo maji yalikuwa mpaka ukingoni, na hakujua ayaweke wapi mkewe asiyaone.

Walimpeleka mjini kwa pikipiki, Lucy nyuma amemkumbatia, amemfunika uso na khanga upepo usimguse. Wakapokelewa mara moja safari hii. Hakuna benchi, hakuna bima. Watu walisogea wenyewe.

Daktari alikuwa mwanamke, Joyceline, mpole, mgeni mkoani kama madaktari wengi. Aliuliza maswali machache. Alipouliza kuhusu mbwa, Ngassa alichangamka.

"Mbwa ni mzima, daktari! Tulimwangalia siku kumi kama walivyotuagiza. Mpaka leo yupo, anakula."

"Huyo ndiye aliyemng'ata?"

"Aliyemng'ata ni mwingine," Lucy alisema. "Alikimbia."

Daktari Joyceline aliweka kalamu mezani. "Mbwa akikimbia hakuna cha kusubiri," alisema. "Unachoma chanjo siku hiyohiyo. Mliambiwa na nani mumwangalie yule ambaye hakuuma?"

Ngassa akaanza kuwataja wote: bwana mifugo, tabibu, muuguzi mwenye chaja, mwenyekiti na semina yake. Sauti ikampanda mpaka mlinzi akachungulia. Daktari alimwacha amalize.

"Na chanjo sasa hivi?" Ngassa aliuliza. "Ipo?"

"Ipo, baba. Ilishafika."

"Basi mchome!"

"Huchomwa kabla ya dalili, baba," daktari alisema. Aliangalia sakafu. Lucy ndiye aliyeelewa kwanza, akakaa chini palepale, mgongo ukutani, na simu yake mkononi, ile ambayo haikupigwa.

Milembe alikufa Alhamisi, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia. Kabla akili haijamtoka, alimwita mumewe. Ngassa akainama.

"Umemfunga mbwa?"

"Nimemfunga."

"Usimpige. Yeye hakufanya kitu."

*

Novemba, baada ya mazishi na baada ya mvua za kwanza, gari la kipaza sauti likapita kijijini. Chanjo ya mbwa, bure, uwanja wa mnada, kila mwenye mbwa afike. Watu walikuja wengi kwa sababu ya kaburi la Milembe, ingawa hakuna aliyelisema hilo.

Ferdinand alikuwa amevaa koti jeupe jipya. Kabla ya kuchoma alitoa somo, akasimamisha vijana wawili waigize mbwa, uwanja ukapasuka kwa vicheko.

"Wakipigana, msiingize mkono! Maji! Kama hakuna maji, gunia. Mkiwa wawili, miguu ya nyuma, unarudi nyuma kama toroli. Na kuzuia ni bora: mbwa wafungwe jike akiwa na joto, chakula kila mmoja chombo chake, mbwa mgeni asiachwe aingie."

"Uongo!" Ngassa alisimama. Alikuwa amekonda, shati limemkaa kama limetundikwa. "Maji yapi? Waambie maji yapi! Siku ile mwenyekiti alikuwa semina. Na wewe ulisema mbwa mzima, mama mzima. Ulicheka kwenye simu. Nilikusikia ukicheka!"

Vicheko vikafa. Ferdinand akashusha kipaza sauti. "Mzee wangu, pole sana. Mimi nilifuata utaratibu, na utaratibu—"

"Utaratibu utamrudisha mke wangu? Utaratibu unapika? Mke wangu aliyajua hayo yote unayofundisha! Aliyajua kabla hujaajiriwa! Alikimbilia ndoo!"

"Kaa chini, ngosha," Mwandu alimvuta shati. "Kaa. Wamesikia."

"Hawajasikia. Hawa hawasikii."

Lakini alikaa. Foleni ikaundwa. Zamu yake ilipofika alipanda mbele na Shika kwenye kamba, Lucy ubavuni. Mbwa aliona sindano akaanza kutetemeka, akajikunyata, akaonyesha meno ya pembeni. Ferdinand alisita. Alipiga goti, akasema kwa sauti ya chini, bila kipaza, kama mtu anayeomba msamaha asiojua kuutamka:

"Mzee, tusaidiane. Hapendi kuguswa na mgeni. Mwite jina lake, atulie."

Ngassa alifungua mdomo.

Tangu mazishi, kila alipofika kwenye kamba ya ndama au mdomo wa gunia, alikuwa akisema "kamata". Lucy alikuwa amelitambua hilo. Mbwa naye alikuwa anapigiwa mluzi, kama marehemu alivyokuwa akifanya.

"Hana jina," Ngassa alisema.

"Kila mbwa ana jina, mzee."

"Huyu hana."

Nyuma yao foleni ilianza kusukumana. Lucy alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye sikio lile lililochanika.

"Anaitwa Shika," alisema. Mbwa akainua kichwa. Ferdinand akachoma haraka, akatoa sindano, na mbwa hata hakuguna.

Lucy hakuinuka. Alibaki amechuchumaa, anamtazama baba yake kutoka chini. Hakuwa na ukali usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu tangu Agosti na sasa mikono imechoka.

"Baba," alisema, "mimi nilikuwa ndani, nilisikia sauti tu. Siku ile ndoo ilipokuwa tupu. Ulikuwa unamwita mbwa, au ulikuwa unamwambia mama?"